Mkataba wako na SACCOS: mambo ya kukagua na kurekebisha kabla ya msimu wa mikopo

Mwanachama wa SACCOS hujaza fomu siku anayojiunga, halafu wengi wetu hatuikumbuki tena mpaka siku ya matatizo: mume amefariki, mdhamini amehama, au marejesho yamekuwa makubwa kuliko tulivyodhani. Hapo ndipo fomu ile inatolewa kwenye faili, na kilichoandikwa ndani yake ndicho kinachofuatwa.

Katika makala hii tunaeleza mkataba wa mwanachama na SACCOS una nini ndani, vipengele gani vinapaswa kukaguliwa kila mwaka, na hatua za kufuata unapotaka kubadilisha. Kwa mkoa wetu wa Singida, wakati mzuri wa kufanya kazi hii ni baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 10. Alizeti, mtama na dengu vimeshatoka shambani, watu wana nafasi, na maombi ya mikopo ya pembejeo bado hayajajaa mezani kwa meneja.

Mkataba ni karatasi zipi?

Watu wengi wakisikia neno mkataba huwaza mkopo tu. Kwa mwanachama wa SACCOS, makubaliano yake na chama yako kwenye karatasi nne au zaidi.

Ya kwanza ni fomu ya uanachama, yenye jina lako, kijiji, namba ya simu, namba ya kitambulisho cha Taifa, picha, saini na jina la mteule. Ya pili ni masharti ya chama. Hiki ndicho kijitabu kinachoeleza kiingilio, hisa, akiba, haki ya kupiga kura na namna ya kujitoa. Ya tatu ni sera ya mikopo, inayosema riba ni kiasi gani, mkopo unaweza kufika mara ngapi ya akiba zako, na adhabu ya kuchelewa. Ya nne ni mkataba wa mkopo wenyewe pamoja na fomu za wadhamini.

Uliposaini fomu ya uanachama ulikubali kufuata masharti yote ya chama, hata kama hukuyasoma. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuomba kuyaona. Ni haki ya mwanachama kusoma masharti ya chama chake, na kama huwezi kusoma una haki ya kusomewa.

Nani anaisimamia SACCOS yako?

SACCOS ni chama cha ushirika na pia ni mtoa huduma ndogo za fedha, kwa hiyo inabanwa na sheria mbili. Moja ni Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Nyingine ni Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha Na. 10 ya mwaka 2018, iliyofuatiwa na kanuni zake mwaka 2019. Sheria hii ya pili imegawa watoa huduma katika madaraja manne, na SACCOS ziko daraja la tatu. Vikundi kama VICOBA viko daraja la nne.

Benki Kuu imekasimu usimamizi wa SACCOS kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, yenye makao makuu Dodoma. Tume ndiyo inayotoa leseni. Vikundi vya daraja la nne vinasajiliwa na kusimamiwa kupitia halmashauri. Ukiingia ofisini kwenye SACCOS yako, omba kuona leseni na uangalie kama muda wake haujaisha.

Jambo moja ambalo huchanganya watu ni hili: kinga ya Bodi ya Bima ya Amana imewekwa kwa wateja wa mabenki na taasisi za fedha zilizo chini ya bodi hiyo. Usidhani akiba yako ya SACCOS ina kinga ileile. Usalama wa akiba hapa unatokana na usimamizi mzuri, ukaguzi wa hesabu, na wanachama wanaohudhuria mkutano mkuu na kuuliza maswali.

Simu, kitambulisho na saini

Tuanze na mambo madogo yanayoleta hasara kubwa.

Namba ya simu. SACCOS nyingi sasa hutuma meseji kila unapoweka au kutoa fedha. Kama ulibadilisha laini miaka miwili iliyopita na hukutoa taarifa, meseji zako zinakwenda kwenye namba ya zamani. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine kabisa. Mtu huyo atajua salio lako, na wewe hutajua kama kuna mtu amechukua fedha.

Jina. Angalia kama jina kwenye kitabu chako cha mwanachama linafanana na la kwenye kitambulisho cha Taifa. Wapo walioandikishwa kwa jina la nyumbani au la ubatizo peke yake. Tofauti ya herufi moja inaweza kuchelewesha malipo, hasa mwenye akaunti anapokuwa hayupo tena duniani.

Saini au dole gumba. Kama ulikuwa unasaini na sasa mkono umedhoofika kwa ugonjwa au uzee, badilisha rasmi utumie dole gumba mbele ya shahidi unayemwamini. Usisubiri siku ya kwenda kuchukua fedha za hospitali.

Akaunti ya mtoto. Mtoto chini ya miaka 18 hawezi kuingia mkataba mwenyewe, kwa hiyo akaunti yake inaendeshwa na mzazi au mlezi. Akifikisha miaka 18, nendeni pamoja ajaze fomu zake.

Mteule: kipengele cha kukagua kuliko vyote

Mteule ni mtu uliyemwandika apokee hisa na akiba zako ukifariki. Masharti ya vyama vingi humtaka kila mwanachama aandike jina la mteule na asilimia ya kila mmoja kama ni zaidi ya mtu mmoja.

Tuchukue mfano. Mama wa Kiomboi alijiunga na SACCOS akiwa hajaolewa, akamwandika kaka yake kuwa mteule. Baadaye aliolewa, akapata watoto watatu, akaendelea kuweka akiba kwa miaka 12. Akifariki bila kubadilisha fomu, jina lililoko kwenye faili ni la kaka. Huenda kaka ni mtu mwema na atawapa watoto kila kitu. Huenda pia naye ana madeni yake. Mama huyu ameiacha elimu ya watoto wake mikononi mwa huruma ya mtu mmoja, wakati kurekebisha fomu kungemchukua nusu saa.

Mfano mwingine ni wa mteule aliyefariki kabla ya mwanachama, au mke wa kwanza ambaye mmeshaachana rasmi. Chama hakiwezi kujua mambo hayo. Kinafuata karatasi.

Unapokagua, uliza maswali haya. Jina la mteule ni la nani leo? Bado yuko hai? Namba yake ya simu inapatikana? Anajua kwamba ameandikwa? Kama mteule ni mtoto mdogo, nani ameandikwa kupokea kwa niaba yake?

Lakini tuelewane: kuandika mteule si kuandika wosia. Jina la mteule linahusu fedha zilizoko kwenye chama hicho tu. Nyumba, shamba na mifugo vinafuata utaratibu wa mirathi. Na pale ndugu wanapogombana, chama kinaweza kusimamisha malipo mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Kwa familia nyingi za vijijini safari hiyo huanzia mahakama ya mwanzo, kwa muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo. Ukiweka fomu ya mteule sawasawa na ukaiambia familia mapema, unapunguza uwezekano wa ugomvi huo.

Uliza pia kama chama kina bima ya mkopo au mfuko wa majanga. Pale ambapo bima ipo, deni la marehemu linaweza kulipwa na bima, na akiba zikaenda kwa familia. Pale ambapo haipo, chama hukata deni kwanza kwenye akiba na hisa, ndipo kinachobaki kinapotolewa.

Udhamini: saini inayoweza kula akiba yako

Kudhaminiana ndiyo nguvu ya SACCOS. Mkulima asiye na hati ya nyumba anapata mkopo kwa sababu wenzake wamesimama naye. Lakini wengi husaini fomu ya udhamini kwa kuona aibu kumkatalia jirani, na hawaangalii wamekubali nini.

Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, wajibu wa mdhamini ni sawa na wa mkopaji, isipokuwa kama mkataba wenyewe umesema vinginevyo. Maana yake ni kwamba ukisaini fomu isiyotaja kiasi, unaweza kudaiwa mkopo wote. Tofauti kati ya "nimedhamini mkopo huu" na "nimedhamini shilingi 500,000 za mkopo huu" ni kubwa sana. Omba kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno.

Sheria hiyo pia inamlinda mdhamini kwa jambo moja muhimu. Kama chama na mkopaji wakibadilisha mkataba bila ridhaa yako, kwa mfano wakaongeza kiasi cha mkopo, basi huwajibiki kwa yale yanayotokea baada ya mabadiliko hayo. Lakini soma kwa makini, kwa sababu fomu nyingine huwa na sentensi inayosema mdhamini anakubali mapema mabadiliko yoyote yatakayofanyika. Ukiiona sentensi hiyo, uliza kabla hujasaini.

Kila mwaka omba chama kikuonyeshe orodha ya mikopo uliyodhamini. Mkopo uliokwisha unapaswa kufutwa kwenye jina lako. Ukiachwa humo kwa kusahaulika, akiba zako zinaweza kuzuiwa siku unayotaka kukopa au kujitoa. Mkopo ukishalipwa wote, dai barua au maandishi kwenye kitabu chako kwamba udhamini umekwisha.

Riba: uliza inahesabiwaje

Asilimia ya riba peke yake haitoshi kukueleza gharama ya mkopo. Kinachohitajika ni kujua riba inatozwa juu ya kiasi gani.

Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi. Kila mwezi unarudisha shilingi 100,000 ya mkopo, na juu yake riba.

Kama riba inatozwa juu ya mkopo wa mwanzo mpaka mwisho, unalipa shilingi 18,000 kila mwezi. Kwa miezi 12 ni shilingi 216,000.

Kama riba inatozwa juu ya deni lililobaki, mwezi wa kwanza unalipa shilingi 18,000, wa pili 16,500, wa tatu 15,000, ikishuka hivyo hivyo hadi mwezi wa mwisho shilingi 1,500. Jumla ni shilingi 117,000.

Asilimia ni ileile, lakini tofauti ni shilingi 99,000. Kwa hiyo usiridhike kuambiwa "riba yetu ni moja na nusu". Omba ratiba ya marejesho iliyoandikwa, yenye tarehe, kiasi cha mkopo, kiasi cha riba na jumla ya mwisho. Ongeza humo ada ya fomu, bima na makato mengine yanayotolewa kabla hujapewa fedha mkononi.

Ratiba ifuate mvua

Singida tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwezi wa 11 au 12 hadi wa 4. Alizeti inayopandwa mwezi wa 12 au wa 1 inavunwa kuanzia mwezi wa 5. Mkulima aliyekopa mwezi wa 11 na kukubali kulipa kila mwezi kuanzia wa 12 anajifunga mwenyewe. Atauza kuku au mbuzi kwa bei ya hasara ili alipe marejesho wakati shamba bado bichi.

Kama sera ya mikopo ya chama chako inaruhusu mkopo wa kilimo, omba kipindi cha neema kiandikwe kwenye mkataba, na marejesho makubwa yawekwe baada ya mavuno. Acha pia nafasi ya bei kushuka. Ukipanga marejesho kwa kutegemea bei ya juu kabisa ya alizeti au kitunguu uliyowahi kuiona, umejipangia deni la mwaka ujao.

Mvua zikikataa, nenda ofisini kabla tarehe ya marejesho haijapita. Kuomba mkopo upangwe upya mapema ni rahisi kuliko kuomba adhabu ifutwe baadaye. Mabadiliko hayo yaandikwe, na wadhamini wako wajulishwe.

Nyumba na shamba kama dhamana

Kama umeweka nyumba ya familia kuwa dhamana, ridhaa ya mwenzi wako inahitajika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine. Sheria ya Ardhi nayo inataka ridhaa hiyo kabla ya rehani. Ridhaa iwe ya maandishi, na anayesaini awe ameelewa.

Hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inaweza kutumika kuwa dhamana. Ukimaliza kulipa, hakikisha hati yako imerudishwa mkononi. Usiiache ofisini eti kwa sababu utakopa tena.

Chama kinapobadilisha masharti

Masharti ya chama hayabadilishwi na meneja wala mwenyekiti peke yake. Yanapitishwa na mkutano mkuu, na hayawi halali mpaka yasajiliwe na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Ukiambiwa kiwango cha hisa kimepanda, una haki ya kuuliza: mkutano upi ulipitisha, tarehe gani, na muhtasari uko wapi?

Kwa upande wa riba, tazama kama mkataba wako wa mkopo unaruhusu kupandishwa katikati ya safari. Kama haukuruhusu, riba mpya ni kwa mikopo mipya.

Wasiohudhuria mkutano mkuu hukuta mambo yameshaamuliwa, na uamuzi halali wa mkutano unawahusu hata wao.

Hatua za kufanya mabadiliko

Kwanza, nenda mwenyewe na kitambulisho chako na kitabu cha mwanachama. Usimtume mtu, na usitoe namba ya siri kwa yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa ofisini.

Pili, omba kuona faili lako na uangalie kipengele kimoja baada ya kingine.

Tatu, andika mabadiliko kwenye fomu ya chama. Kama fomu haipo, andika barua yenye tarehe. Kumwambia katibu sokoni au kumpigia simu hakubadilishi chochote kwenye faili.

Nne, usisaini penye nafasi tupu. Piga mstari mahali pasipojazwa.

Tano, omba nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Ipige picha kwa simu, halafu karatasi yenyewe ihifadhi pasipofikiwa na mchwa wala mvua.

Sita, rudi baada ya wiki mbili uone kama mabadiliko yameingia kwenye kumbukumbu.

Taarifa zako nazo zinalindwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa gani zako zimetunzwa na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa.

Ukikataliwa uende wapi?

Anza kwa meneja, kwa maandishi. Usiporidhika, andikia bodi, na nakala uipeleke kwa kamati ya usimamizi, ambayo kazi yake ni kukagua utendaji kwa niaba ya wanachama. Ikishindikana, nenda kwa Afisa Ushirika wa halmashauri yako, iwe Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni, Itigi, Singida Vijijini au Manispaa. Juu yake yupo Mrajis Msaidizi wa Mkoa, na hatimaye Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kila hatua beba nakala ya barua ya hatua iliyopita.

Maswali ya haraka

Je, naweza kumbadilisha mteule bila kumwambia wa zamani? Kwa kawaida ndiyo, kwa sababu uamuzi ni wa mwanachama. Thibitisha kwenye masharti ya chama chako.

Naweza kujitoa kwenye udhamini katikati ya mkopo? Si kwa kutaka kwako tu. Mara nyingi mkopaji lazima alete mdhamini mwingine na kamati ya mikopo ikubali.

Nikijitoa uanachama napewa fedha zangu siku hiyo hiyo? Hapana. Masharti huweka muda wa taarifa, na chama hukata kwanza madeni yako na kuangalia mikopo uliyodhamini. Soma muda huo sasa, kabla hujawa na haraka.

Nina akaunti nisiyoigusa miaka mingi. Je, fedha zimepotea? Nenda na kitambulisho uulize. Masharti yanaweza kuiweka kwenye kundi la akaunti zilizolala na kutoza ada, lakini akiba inabaki kuwa yako.

Ukipata muda wa jambo moja tu mwezi huu, kagua jina la mteule. La pili, omba orodha ya mikopo uliyodhamini. Mengine yanaweza kusubiri mpaka umeuza mavuno, lakini hayo mawili tusiyaache yasubiri.